Koti Lililotangulia Nyumbani

Koti la babu lilifika Kitui kabla ya babu mwenyewe. Lililetwa na mtu wa Kanyangi aliyepigana pamoja naye vita vya Burma. Babu alikuwa amebaki hospitali huko na mguu ulioharibika, akampa mwenzake koti ampelekee mkewe. Yule mtu alieleza hivyo hivyo, na hakuna aliyemwamini. Wazee waliona koti bila mwenyewe, wakasema jamaa anaona haya kutaja kifo. Watu wakanyoa nywele, wakalia, na baadaye nyanya akakabidhiwa kwa mdogo wa babu, kama ilivyokuwa desturi.

Babu alipochechemea hadi uani, alimkuta mkewe na mtoto mchanga amefungwa ndani ya koti lile. Mtoto huyo ni baba yangu.

"Mbuzi za mahari zilitoka kwangu," babu aliwaambia wazee. "Mtoto ni wangu."

Kwa mila ya Wakamba kesi ikaisha hapo. Iliisha kwa wazee tu. Nyumbani, babu hakumwita baba "mwanangu" hata siku moja. Koti alilitundika kwenye msumari, halivai, hampi mtu. Baba alipokua akajiunga na jeshi, nadhani ili mzee amtazame. Kila akija likizo alipiga saluti mlangoni. Babu aliijibu sawasawa, kisha akageuka na kukaa. Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi.

Siku za mwisho za babu nilikuwa na miaka kumi na saba. Jina lake nilikuwa nalo mimi, mjukuu wa kwanza, na mimi ndiye niliyemlisha uji. Baba alikuwa kambini, mbali. Mzee akaonyesha ukutani.

"Hiyo koti, mpe babako. Mwambie ni yake tangu ile siku nilimpata ndani yake. Mwambie yeye ni mtoto wangu."

Tatizo ni kwamba nilikuwa nikilitamani koti lile tangu utotoni. Baba alipofika mazishini, alinikuta nimelivaa.

"Alikupa?"

"Alinipa."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe, akaenda kusaidia kuchimba kaburi.

Nililivaa koti miaka michache, likachakaa, nikalitupa stoo.

Sasa baba amelazwa hapa Kitui, na daktari ameacha kutupa matumaini. Juzi nikamwambia yote.

"Alisema mimi ni mtoto wake?"

"Alisema, baba."

"Na koti iko wapi?"

"Ilikuliwa na mchwa."

Baba alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema anahisi baridi. Nikamvutia blanketi la hospitali hadi kidevuni, naye akalisukuma.