Jino Lisilouma

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya meno mjini Ngara nikisubiri zamu yangu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Kitini alikaa mzee mmoja, mkulima wa Mabawe, na mkewe alisimama kando amemshikia kofia.

"Shikamoo, baba. Mbona hukurudi tuzibe jino?" aliuliza daktari, dada wa makamo.

"Marahaba. Haliumi tena, mwanangu. Nimeletwa na huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Haliwezi kuuma, baba. Tulitoa mshipa wake na kusafisha mzizi. Lakini ile dawa tuliyozibia juu ilikuwa ya muda tu. Ikikaa sana inaachia, mate yanapenya, na jino linaoza kimyakimya."

Mzee akaguna. Daktari akaichimbua ile dawa, akachomoa kipamba kilichokuwa chini yake, akamsogezea puani.

Mzee alinusa mara moja tu, akageuzia uso ukutani.

"Ling'oe basi," alisema kwa unyonge.

"Hapana, umewahi. Nitalisafisha upya, kisha nilizibe moja kwa moja."

"Panua mdomo," mkewe akaamuru.

Wengi wetu maumivu yakiisha tunamuaga daktari, tukidhani ndiyo kupona. Mzee yule alikuwa na wa kumkatalia. Walipotoka, mkewe alimwagiza atafunie upande wa pili hadi kesho yake.

"Sawa, mama," alijibu mzee, na kwa jinsi mama alivyotabasamu, nadhani jibu hilo halisikiki kwao kila siku.