Tarishi Aliyeikata Safari ya Pili ya Faili

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mlango wa ofisi ya leseni za biashara bado umefungwa, lakini kinyozi mmoja ameshapiga kambi ukutani. Ana kiti cha kukunja, chupa ya chai na gazeti la jana. Mwaka jana alikaa hapa siku nne, na safari hii hakutaka kukaa sakafuni.

Mlango unafunguka. Mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi mwekundu, anamtazama kinyozi, kisha anakitazama kiti.

"Kaka, umehamia?"

"Nimekuja kuhuisha leseni, mama. Naijua safari yake."

"Safari imefupishwa. Ingia na leseni ya zamani. Hicho kiti kiache, hutakikalia."

Ndani anaulizwa swali moja tu: je, katika biashara yake kuna kilichobadilika? Mahali ni palepale, kazi ni ileile, mwenyewe ndiye yuleyule. Analipa ada kwa simu, mashine inatoa karatasi ingali na joto. Dakika kumi na mbili zimepita. Kinyozi anaigeuza leseni mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko noti aliyotoa.

"Mama, hii ndiyo yenyewe?"

"Kama huiamini, irudishe nikuzungushe kidogo."

Kinyozi anaikunja haraka, anaitia mfukoni na kuondoka kabla mama hajabadili mawazo.

Mama huyo, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, jengo zima linamwita Mama Faili. Jina hilo hakulipata hapa dirishani anapohudumia wateja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa tarishi wa jengo hili la ghorofa tatu. Kazi yake ilikuwa kuzichukua faili chini, kuzipeleka kwa wenye mihuri juu, na kuzirudisha masjala, kile chumba cha madaftari makubwa ambamo kila kitu huandikwa na wakati mwingine hulala.

"Ngazi ni sitini na nne kupanda, sitini na nne kushuka," anaeleza. "Watu wanasema kushuka si kazi. Wakayaulize magoti yangu."

Msimu wa kuhuisha leseni ulipofika, alibeba faili zaidi ya mia kwa siku. Mshahara ulitosha kodi ya vyumba viwili, mchele na ada ya kitindamimba wake aliye chuoni. Kilichobaki, anasema, ulikitafuta kwa tochi.

Pamoja na miguu yote hiyo, leseni moja ilichukua siku ishirini na tatu kutoka. Mwaka juzi aliyeumia alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Mumewe ni fundi viatu, kibanda chake kiko mtaa wa pili kutoka ofisini. Leseni yake ilikwisha, mpya haikutoka, askari wa jiji wakakitia kibanda kufuli kwa siku kumi na moja.

"Na faili yangu alikuwa anaibeba huyu huyu mke wangu," fundi anasimulia, misumari midogo ikiwa kwenye kona ya mdomo. "Jioni namuuliza, 'Mke wangu, mimi niko wapi leo?' Ananijibu, 'Leo umelala masjala.' Kesho yake nimelala chumba namba sita. Mimi mume wa mtu, nalala maofisini!"

Kwa nini hakumchomeka mumewe mbele ya wengine? Mama Faili anaguna.

"Ningemchomeka yeye, kesho yake mtaa mzima wangekuwa mashemeji zangu."

Hicho chumba namba sita, ghorofa ya tatu, kina kisa chake. Zamani walikaa humo maofisa wawili, mmoja wa usafi na mmoja wa afya. Faili ilianza kwa wa usafi, ikashuka masjala kuandikwa, kisha ikapanda tena kwa wa afya. Miaka kumi na moja iliyopita ofisa wa afya alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Wa usafi akarithi meza, droo na muhuri.

Utaratibu haukustaafu. Bwana yule aligonga muhuri wa usafi akiwa kwenye meza ya karibu na dirisha. Faili ikashuka, ikalala masjala siku tatu au nne ikisubiri zamu, ikapanda tena. Naye akainuka, akahamia meza ya mlangoni, akafungua droo, akatoa muhuri wa afya, akaikagua faili ileile kana kwamba hawajawahi kuonana. Wenzake walimpa jina la Meza Mbili, na halikuwa tusi.

"Mwaka wa kwanza nilishangaa," anakiri Mama Faili. "Mwaka wa pili nikazoea. Mwaka wa tatu ni mimi niliyekuwa namkumbusha, 'Bosi, hii ni ya ile meza nyingine,' naye anahama. Siwezi kumcheka peke yake."

Mwaka jana akaja mkuu mpya wa idara, mwanamke wa umri sawa na binti mkubwa wa Mama Faili. Akaitisha mkutano wa kupunguza siku za leseni. Ubaoni ikachorwa mishale mpaka ikagongana. Wengine wakataka kompyuta mpya, wengine wakataka wafanyakazi zaidi, mmoja akataka feni. Mama Faili alikuwa amesimama mlangoni akisubiri faili zilizosainiwa.

Mkuu akauliza, "Faili ikitoka dirishani inakwenda wapi?" Kila mtu akaeleza pale anapoishia yeye. Ndipo akageuka mlangoni.

"Mama, wewe ndiye unayetembea nayo. Hebu tuambie."

Alijua kwamba faili zikiacha kutembea, hakuna atakayehitaji tarishi, na mtoto alikuwa bado na miaka miwili chuoni. Isitoshe, Meza Mbili alikuwa ameketi viti vitatu kutoka mlangoni, akimtazama.

"Nilijua ninalikata tawi nililolikalia," anasema. "Lakini nikaliona lile kufuli kwenye kibanda cha mume wangu. Nikasema liwalo na liwe. Nikamwambia, 'Bosi, inakwenda chumba namba sita. Halafu inarudi chini. Halafu inakwenda chumba namba sita.' Akaniuliza, 'Safari ya pili inakwenda kwa nani?' Nikasema, 'Kwa huyo huyo. Anahama kiti tu.'"

Mtu mmoja akapaliwa na chai, kisha kicheko kikazagaa. Hakucheka Meza Mbili, aliyekuwa akikagua kucha zake, wala tarishi, aliyekuwa akikitazama kitasa cha mlango.

Wiki iliyofuata mihuri yote miwili ilikaa kwenye meza moja. Siku ishirini na tatu zikashuka hadi kumi na tano. Mkuu akaendelea kuuliza maswali ya aina hiyo: kwa nini mtu ajaze kurasa sita kila mwaka kusema mambo yaleyale? Kurasa zikawa swali moja, faili zikaingizwa kwenye kompyuta, na asiye na mabadiliko akawa anaondoka na leseni yake siku hiyohiyo. Mwenye mabadiliko husubiri siku mbili.

Ndipo ikaja barua. Nafasi ya tarishi imefutwa. Alipewa siku sitini, na ruhusa ya kuomba kazi ya dirishani endapo angefaulu mtihani wa kompyuta.

"Niliisoma mara tatu," anasema. "Mara zote tatu nilikuta nimefutwa."

Kompyuta alikuwa akiipangusa vumbi kila siku, lakini, kwa maneno yake, "hatukuwahi kuzungumza." Nyumbani mumewe alimpa moyo, ila fundi viatu hana kompyuta. Siku ya nne baada ya barua, saa ya chakula cha mchana, mtu akamwita kutoka chumba namba sita. Alikuwa Meza Mbili.

"Sitasema uongo, alinivua nguo mbele ya wakubwa," ofisa huyo anaeleza. "Wiki nzima nilimwitikia salamu kwa kichwa tu. Halafu nikagundua naondoka saa kumi badala ya saa kumi na mbili, na mgongo hauniumi. Nikasema, kumbe huyu dada amenitua mzigo. Sasa mimi nimwache aanguke?"

Meza ya mlangoni, iliyokuwa haina kazi tena, ikawa darasa.

"Akaniambia, 'Dada, bonyeza, haiumi.' Nikabonyeza, ikazima," anakumbuka Mama Faili, akiifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Akaiwasha. Nikaizima tena. Hakununa. Miaka kumi na tisa nilimpelekea kazi, nikisimama. Siku ile alinivutia kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Yule bwana simsahau maisha yangu."

Walisoma hivyo mchana baada ya mchana, siku arobaini na moja. Mtihani ulitaka leseni kumi ndani ya dakika arobaini. Alimaliza ya kumi zikiwa zimebaki dakika mbili, akazitumia dakika hizo kuogopa. Alifaulu. Akapewa mkataba wa majaribio wa miezi sita, na wiki iliyopita akathibitishwa kazini, kwa mshahara uliopanda kiasi cha kuiweka tochi pembeni.

Mwezi huu mumewe alipanga foleni kama raia yeyote. Alipoulizwa kama kuna kilichobadilika, alijibu, "Ndiyo. Mke wangu siku hizi anafika nyumbani ana nguvu za kunigombeza."

"Nikamwambia ajibu swali la serikali," anasema Mama Faili.

Hata hivyo, anasema wako wasiofika dirishani kabisa. Wauza mboga hawawezi kuziacha zinyauke waje mjini, hivyo leseni zao huisha wakiwa hapohapo mezani pao. Ameandika ombi la ukurasa mmoja, akalichapa mwenyewe, akalipeleka kwa mkuu: kila Alhamisi awekewe meza sokoni, na kompyuta na mashine ndogo ya kuchapia. Mkuu amekubali kujaribu kwa mwezi mmoja, kuanzia mwezi ujao.

Jumamosi alikwenda kutafuta mahali penye kivuli na umeme. Vyote viwili anavyo muuza mayai aliye karibu na lango.

"Amenikaribisha vizuri, namshukuru sana," anasema. "Kivuli bure, umeme bure. Ila ameniomba leseni ya kwanza, Alhamisi ya kwanza, iwe yake. Imekwisha tangu mwezi wa pili, na miezi yote hii amekuwa akiniuzia mayai akimwomba Mungu nisimuulize."