Gari la Baba Lililokatwa Paa

Vijana wakipita kwenye barabara kuu ya Thika na gari la wazi, nywele zikipepea, mimi huangalia milango. Nataka kujua kama imekaa sawa kwenye fremu zake. Mume wangu hunicheka kila mara, nami humwambia acheke tu, kwani si yeye aliyefungiwa ndani.

Tulipokaribia kufunga ndoa, watu wa upande wake kule Kahawa Sukari walituma habari kwamba watakuja kunichukua na gari lisilo na paa. Baba ni mkulima wa kahawa kwetu Thika, na hapendi kushindwa hata kwa salamu. Usingizi ukamruka. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, na alitaka nitoke nyumbani kwake ndani ya gari lake, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani. Basi akalipeleka gari lake kuukuu kwa fundi mmoja Ruiru, paa likakatwa.

"Paa ni kofia tu," alituambia.

Kumbe si kofia. Chukua katoni ya sabuni iliyofungwa, ujaribu kuipinda, haikubali. Ikate upande wa juu uone inavyolegea mikononi. Gari la Baba lililegea vivyo hivyo. Akipita kwenye tuta, kioo cha mbele kilitikisika na bodi yote ikalia kama kitanda cha zamani. Fundi aliunga vyuma viwili chini, mambo yakatengenea kidogo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Baba alikuwa ameshalipaka rangi nyeupe. Lilipendeza, sitasema uongo.

Siku yenyewe, wakwe waliimba langoni mpaka sauti zikawakauka, kama ilivyo desturi yetu, ndipo wakafunguliwa. Nilitolewa nje nikapandishwa gari la Baba, kiti cha nyuma, katikati ya shangazi zangu wawili. Wa tatu akakaa mbele. Hao shangazi zangu Mungu amewajalia miili. Gari likashuka, tukasikia vyuma vikinung'unika.

Mara shangazi wa kulia kwangu akakumbuka kuwa ameacha mkoba wake nyumbani. Akavuta kitasa. Mlango haukusonga. Baba, ambaye alikuwa bado hajapanda, akaja akavuta kwa nje. Wapi! Uzito wetu ulikuwa umelipinda gari katikati na milango yote ikabanwa.

Wakwe walichoona ni mlango uliofungwa na shangazi aliyeshika kitasa. Wakadhani hilo ni lango la pili. Mama mmoja akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, wakalizunguka gari wakitusihi tuwafungulie.

"Tata, si tuwaambie tu imekwama?" nikamnong'oneza shangazi huyo.

"Nyamaza wewe. Wacha waimbe." Kisha akawapazia sauti: "Bado hamjaimba! Na leso ya kutufungulisha mlango iko wapi?"

Wakaleta leso. Akaipokea, akaikalia, akadai nyingine. Nilicheka hadi shela ikaniteleza kichwani.

Baba hakucheka. Alisimama kando ya mlango, mkono juu ya bati, jasho likimtoka. Akaniinamia sikioni. Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake.

"Maitu, hii gari itaniaibisha huko mbele. Enda na ile yao."

Gari lao lilikuwa langoni, limevikwa maua, milango yake ikifunguka vizuri kabisa. Nilimwonea Baba huruma.

Shangazi zangu walipotosheka na leso, walikubali kutoka kwa kupanda juu ya ubavu wa gari. Haikuwa kazi ndogo. Mmoja alipokelewa na wakwe watatu, vigelegele vikipigwa, nusura waanguke wote. Wa mwisho alipotua, gari likainuka, na mlango ule uliokuwa ukivutwa ukafunguka wenyewe, taratibu.

Wimbo ukakoma. Watu wote wakanitazama wakingoja nishuke. Dereva wa gari lao alikuwa ameshawasha injini. Baba akaninyooshea mkono anisaidie kuteremka, macho yake yakiangalia chini.

Nikauvuta mlango, nikaufunga.

"Ingia uendeshe, Baba," nikasema. "Tutachelewa kanisani."