Wakili wa Wajane Wawili

Mume wetu alipofariki tulikaa eda nyumba moja, mimi ghorofani na mke mwenzangu chini, kama tulivyokuwa tukiishi tangu alipomwoa. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Watu husema msiba huunganisha. Sisi haukutuunganisha. Nilikuwa nikimsikia akilia huko chini, nami nikijiuliza analilia nini, mtu aliyeingia nyumbani juzi.

Tulichoachiwa ni duka la halua. Marehemu ndiye aliyekuwa mpishi, mshirika wake alitoa chumba cha duka, na faida wakigawana nusu kwa nusu. Hawakuandikiana. Walisoma Fatiha mbele ya shahidi, wakapeana mikono, basi. Hata arubaini haijafika, yule mshirika akatushitaki: ati mume wetu alikuwa mwajiriwa wake tu, na sisi hatuna chetu pale. Kesi ilipangwa kusikilizwa tukiwa bado ndani ya eda. Tukishindwa, duka limekwenda, na watoto wetu hawakuwa na kingine cha kuwalisha.

Kaka yangu akasema tutafute wakili. Mawakili wenyewe walishakuwa haba mjini; huyu unaambiwa kahamia Dar es Salaam, yule kaondoka kabisa na familia yake. Kaka akawapata wawili waliokubali kuja nyumbani. Kwa kuwa mjane wa eda hakabiliani na mwanamume wa nje, tulitundika pazia sebuleni, wao wakae upande wa mlango, sisi upande wa ndani. Tukawekwa mkeka mmoja, mimi na yeye. Nilijisogeza pembeni mpaka nusu yangu ikawa sakafuni.

Wa kwanza alikuwa kijana. Manukato yake yalifika kabla ya salamu.

"Mama zangu, msiwe na wasiwasi," akasema. "Kesi hii nshaishinda."

Hakuuliza hata duka liko mtaa gani. Alizungumza muda mrefu, kwa ufasaha, na sauti yake ilimpendeza mwenyewe kuliko ilivyotupendeza sisi.

Wa pili alikuwa mzee mwenye kikohozi. Alitupa pole, kisha akauliza nani alikuwepo siku ile waliposoma Fatiha. Hilo sikulijua. Mimi, mke mkubwa, niliyemzalia watoto wake wote isipokuwa mmoja!

"Shahidi alikuwa mzee mmoja jirani ya duka," mke mwenzangu akajibu. "Sasa anakaa Mkokotoni kwa bintiye."

Mzee akauliza tanuri alilijenga nani. Akajibu yeye: marehemu ndiye aliyemleta fundi, mshirika hakuweka hata jiwe. Akauliza kama marehemu na mshirika waliwahi kugombana, na kwa lipi. Akajibu yeye. Kila jibu lilinichoma. Nami mume alizungumza bei ya samaki na homa za watoto, kumbe mambo ya duka alikuwa akiyapeleka chini. Wivu ulinipanda mpaka nikahisi masikio yanawaka moto.

"Siwaahidi kushinda," mzee akasema akiinuka. "Lakini bibi huyu aliyejibu ametupa pa kushika."

Bibi aliyejibu! Hapo hapo nikaamua kumchukua yule wa manukato. Nilijua hafai, nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini kushinda kwa majibu ya yule mwanamke, kisha nimshukuru maisha yangu yote? Hapana.

Mzee alipotoka, kaka yangu akauliza kutoka upande wa pili wa pazia, "Haya, mnamtaka nani?"

Nikangoja mwenzangu amtaje mzee ili nimpinge. Yeye akainamisha kichwa, akawa anachezea ukingo wa mkeka.

"Atachagua bi mkubwa," akasema. "Marehemu alinambia, likitufika jambo la kutaka mtu wa kuaminiwa, mwachie bibi achague. Mtu akisema maneno mawili tu, yeye keshamjua."

Kwa mara ya kwanza tangu azikwe, nilimsikia mume wangu akinisifu, na kwa mdomo wa nani! Kaka akauliza tena.

"Mzee," nikasema. "Mchukue yule mzee."

Mzee alimfuata shahidi Mkokotoni, akamleta na fimbo yake na miwani yake mbele ya hakimu, na nusu yetu ikabaki kuwa yetu. Eda ilipokwisha tulioga, tukavua nguo nyeupe, tukatoka pamoja na mabuibui yetu kwenda kulitazama duka. Njiani nikashindwa kujizuia.

"Yale maneno alikwambia lini?"

"Usiku."

"Zamu ya nani?"

Tukapita kona.

"Yangu," akasema. "Kila zamu yangu, dada, ni bibi kasema hivi, bibi anajua vile. Mpaka nalala."

Hakunitazama. Sauti yake ilikuwa kavu, na niliitambua papo hapo, maana ndiyo sauti niliyokuwa nikimwitikia nayo salamu zake kila asubuhi tangu siku aliyoletwa nyumbani.