Herufi Mbili za Kwanza

Zamani, karani wa dirisha la maji akitafuta jina la mteja, kompyuta ilipekua wateja wote wa mji mmoja mmoja, kama bibi anayesaka miwani aliyoivaa. Karani alipata muda wa kuwajulia watu hali, na watoto wao, na goti la nani bado linauma.

Kisha akaja fundi wa kompyuta, mdomo mwingi, akaipangia mashine majina yote kwa herufi. Sasa ukigonga herufi mbili tu, majina yanamwagika kwenye skrini kabla hujapepesa jicho.

"Mambo si ndiyo hayo, mama?" fundi akatamba.

Ndiyo hayo. Ila kwa herufi mbili fulani, jina la juu kabisa lilikuwa la marehemu mume wa karani, mteja wa ile nyumba ambayo karani aliifunga akahamia kwa dada yake. Karani hakulia. Hakuhisi kitu. Alianza tu kuwadai wateja wa herufi hizo namba ya mita badala ya jina. Wakawa wanarudi nyumbani kuisoma, foleni ikafika barabarani, bosi akadhani mashine imeharibika, akamwita fundi.

Fundi akagonga zile herufi mbili. "Mbona iko fasta? Ila huyu wa juu hajatumia maji tangu mwaka jana. Nimfute?"

"Mfute," alisema karani, kama mtu aliyeulizwa iwapo mlango ufungwe.

Mteja aliyefuata akataja jina lake. Karani akagonga herufi zilezile mbili, na jina la mteja likaja papo hapo, juu kabisa. Karani akabaki ameikodolea macho skrini, akisubiri, kama enzi zile za mashine kukawia.