Kompyuta Iliyosingiziwa Virusi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba namkasirikia baba yangu. Nimekana mbele ya dada zangu, mbele ya mume wangu, na hata mbele ya baba mwenyewe, ambaye wala hakuniuliza. Mimi ni mwanamke wa chuo kikuu, nimesoma mpaka macho yakaomba miwani, na mtu wa namna hiyo hatarajiwi kuweka kinyongo juu ya kompyuta. Lakini kila ninaponusa salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho, narudi Nachingwea nikiwa kidato cha nne, na hasira inanipanda mbichi kabisa. Basi na nikiri: ninayo, na nimeitunza vizuri kuliko vyeti vyangu.

Msimu ule wa kupulizia, baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinunua kompyuta iliyokwisha tumika. Iliwekwa sebuleni karibu na dirisha, mama akaifunika vitambaa vyake vya kufuma, na mifuko ya salfa ikaegemezwa ukuta wa pili. Intaneti tuliipata kwa simu ya baba. Iliunganishwa kwa waya, ikalazwa kifudifudi pale dirishani, mahali pekee ndani ya nyumba palipokuwa na mtandao, kisha ikafungwa kwenye leso ili vumbi jekundu lisiingie kwenye vitufe. Sauti yake ilizimwa siku zote, maana baba aliona simu kuita mbele ya wanafunzi ni utovu wa adabu. Zamu yangu ilikuwa baada ya magharibi. Nilitafuta maswali ya mitihani iliyopita, kwa sababu shuleni kwetu kitabu kimoja cha kemia kilisomwa na vichwa vinane. Ukurasa ulifunguka hadi katikati, ukasimama. Nilisubiri mpaka chai ikapoa. Swali lilionekana, jibu halikuonekana, na mtihani ulikuwa unakuja.

Hapo akaingia baba mdogo Issa, mdogo wake baba, mwenye duka Ruangwa. Aliwahi kusoma kozi fupi ya kompyuta Dar es Salaam, na ukoo mzima ulimsifu kwa hilo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alibonyeza vitufe viwili vitatu, akanusa nyuma ya mashine kama anayenunua samaki, akasema, “Kaka, hii imeliwa na virusi. Binti anafungua-fungua vitu.” Akashauri apewe aende nayo Ruangwa akaisafishe. Redio yetu ilikwenda Ruangwa kusafishwa. Baiskeli pia. Vyote bado viko safi huko huko. Baba akakubali: msimu wa salfa ukiisha, kompyuta iende. Nilipoapa kwamba sikufungua chochote kibaya, mama aliniambia mtoto habishani na mkubwa, na wadogo zangu wakaanza kuosha mikono kila nilipowapa sahani. “Msimguse,” walisema, “mtaharisha.”

Nilipambana. Nilizima picha zote, nikafunga kila dirisha nisilolihitaji, nikafuta kurasa za zamani zilizohifadhiwa, nikavisaka hivyo virusi kwa programu ya kuviondoa mpaka mashine ikaunguruma. Hakikupatikana kitu. Ukurasa bado ulikuwa unakufa katikati. Jioni moja niliinuka niisogeze simu, labda ingeshika mtandao vizuri zaidi, nikaona leso inawaka mwanga wa kijani kutoka ndani. Niliifungua. Issa Ruangwa. Mwanga ukazimika. Ukawaka tena, Issa Ruangwa, ukazimika.

Vijana wa leo hawana habari, lakini wakati ule kupiga simu kulikuwa kwa wenye nacho. Wengine tulibipu: unapiga, ikiita unakata, na mwenzako anajua unamtaka. Baba mdogo hakupata kununua vocha hata siku moja. Kila jioni akifunga duka alimbipu baba tena na tena, na baba, baada ya isha, akiichomoa simu, alimpigia. Na simu ile haikuweza kazi mbili. Ikiitwa, intaneti inakatika. Kisa nilichochemkia ni hiki: siku hizo alikuwa akibipu ili aulize kama kompyuta imepata nafuu. Alimjulia hali mgonjwa huku amemkalia kifuani.

Kesho yake nilimwomba baba aketi. Nikafungua ukurasa, nikaivua simu leso yake. “Baba, usiangalie kompyuta. Angalia simu.” Tulisubiri. Jina likawaka, ukurasa ukasimama. Bipu ya pili, ukasimama tena. Bipu zilipokwisha niliufungua upya, na maswali yakashuka mpaka la mwisho, na majibu yake. Baba alikohoa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na mimi nilikaa pale nikiingoja.

Siku hizi nyumbani kwangu intaneti ina kasi, na ikizubaa kidogo wanangu wanailaani kampuni na kwenda kucheza. Hakuna anayeapishwa. Juzi tu, mimi na shahada zangu, nilimtuhumu binti yangu kwamba ndiye anayeimaliza kwa video zake. Nikajisikia nimesema kwa sauti ya baba mdogo, nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Kasi imeongezeka. Mazoea ya kumkamata mtoto kwanza na kuuliza baadaye hayajaenda popote.

Jioni ile baba alichomoa waya, akampigia mdogo wake. Alisema kompyuta haiendi tena Ruangwa, imepona. Nilimsikia baba mdogo akimshukuru Mungu upande wa pili. “Si nilikwambia, kaka? Virusi, siyo?”

Baba alinitazama. Nilikuwa nimesimama mbele yake, sijaketi.

“Hapana,” alisema. “Mtandao tu ulikuwa mbovu. Ila jioni usinibipu.”

Akakata, akaurudisha waya mwenyewe, akaniambia niendelee kusoma.