Tochi ya Papa Léonard

Kazi ya Léonard ilikuwa kufungiwa gizani. Kila asubuhi alitoka Glenwood, mtaa wa Durban alikopanga vyumba viwili na mkewe Larissa, akaenda Clairwood kwenye yadi ya makontena matupu. Huko aliingia ndani ya kontena moja baada ya jingine, na mwenzake Lennox, fundi wa kuchomelea aliyetoka Nakuru, akamfungia milango kwa nje. Milango ikishakazwa, mkono wako mwenyewe huuoni. Léonard alisimama kimya akisubiri macho yazoee. Kama kontena lilikuwa na tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, jua la nje lilipenya, naye akaliona liking'aa ukutani au juu darini. Akalizungushia chaki, akagonga, Lennox akafungua na kuja na mashine yake kuliziba. Panapopita mwanga na maji hupita, na wenye mizigo hawataki maji.

Watu walimwonea huruma kwa kazi hiyo. Hakuwaambia kwamba alilipenda lile giza.

Alipokuwa mtoto Bukavu, nyumba yao iliezekwa kwa mabati yaliyokwisha kutumika kwingine, yenye matundu ya misumari ya zamani. Siku za jua, baada ya chakula cha mchana, mama yake aliwalaza yeye na dada yake Diane mkekani, na vijiduara vya mwanga vikatambaa polepole juu ya blanketi. Mama alivipa majina ya ndugu waliokuwa mbali. "Angalia, shangazi yenu wa Kamituga anakuya. Ameshapita mto." Watoto walimfuata shangazi kwa macho, akavuka kunjo moja la blanketi, akavuka la pili, mpaka usingizi ukawachukua kabla hajafika.

Basi ndani ya chuma cha Clairwood, Léonard alipoona tundu liking'aa alisema moyoni, huyu ni Diane, ambaye sasa alikuwa akiishi Lusaka. Lile la pembeni, mjomba aliyebaki Bukavu. Tundu la juu kabisa alimwachia mama, aliyefariki Léonard akiwa tayari Durban. Akisimama hivyo, kontena halikuwa na kuta tena. Lilikuwa anga, na yeye alikuwa akielea katikati yake, mpaka Lennox alipopiga ngumi mlangoni: "Mzee, umelala huko ndani?"

Mwezi wa pili mwaka huu alipata ajali. Baada ya kutafuta matundu ilimbidi akague pia sakafu ya mbao, na kazi hiyo aliifanya na simu ameibana kwenye meno, mwanga wake hafifu kama wa kibatari. Hakuona kwamba ubao mmoja ulikuwa umeoza. Mguu ulizama mpaka gotini, na alirudi nyumbani akichechemea, kifundo kimevimba kama embe.

Larissa alikikanda kwa barafu aliyoifunga kwenye taulo la saluni alikofanya kazi ya kusuka.

"Papa, kila siku unaingia mule na simu ku meno," alisema. "Siku moja utaanguka na hakuna mtu atakusikia. Nunua tochi ya kweli. Gaël iko nazo."

"Nitaenda kuangalia."

"Usiangalie. Nunua."

Gaël alikuwa na duka dogo la simu kwenye barabara ya Umbilo. Alimtolea tochi fupi kuliko kidole cha shahada, nene kama kizibo cha chupa, nyeusi, yenye sumaku nyuma na mdomo wa kuchajia kama wa simu. Léonard aliipima kiganjani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na baridi kama jiwe la mtoni.

"Hii ndogo hivi?"

"Papa Léo, fumba macho kwanza." Gaël aliielekeza darini na kubonyeza. Duka lote likawa jeupe. Mteja aliyekuwa akichagua kava ya simu alijikinga uso kwa mkono. Vumbi lililolala juu ya kabati lilionekana punje kwa punje, na buibui mmoja kwenye kona alikimbia kujificha. "Umeona? Ni taa ya gari hiyo. Na ukibonyeza kwa muda mrefu, inapunguka."

Bei yake ilimfanya Léonard agune, lakini siyo bei iliyomzuia. Aliogopa kitu ambacho hakujua namna ya kukisema dukani. Gaël alimwona akiigeuzageuza, akadhani anashuku ubora wake.

"Enda nayo kazini kesho. Ukiikataa, urudishe."

Kesho yake, katika kontena la kwanza, hata kabla milango haijafungwa, aliiwasha kwa nguvu yake yote. Kila kitu kilijitokeza mara moja: kutu, mikwaruzo, ute wa gundi, kivuli chake mwenyewe kikubwa kikiwa kimesimama ukutani kama askari. Sakafu aliikagua vizuri kuliko siku yoyote. Aliona ufa ambao simu isingeuonyesha kamwe. Alipoizima na Lennox akafunga, macho yake yalikuwa yamejaa madoa ya zambarau. Alisubiri. Diane hakuja. Wala mjomba. Zilipita dakika nyingi ndipo nukta moja dhaifu ikajitokeza, na akaizungushia chaki bila kuiita jina.

"Naona nitairudisha," alimwambia Lennox wakinywa chai.

"Kwa nini? Ni kali hiyo."

"Ndiyo hiyo shida. Iko kali mno."

Lennox alimtazama kama asiyemwelewa, akameza chai yake.

Mchana mawingu yalishuka kutoka upande wa bandari, meusi, yakakaa juu ya yadi kama kifuniko cha sufuria. Mvua ikaanza. Siku kama hizo kazi ya Léonard ilisimama, maana bila jua matundu hayaonekani. Lakini Estella, msimamizi wao, alikuja na mwavuli na kusema kontena jekundu la mwisho wa safu lilikuwa linangojewa na lori. Lilikuwa linakwenda kupakiwa maziwa ya unga. Halikuwa limepimwa.

Lennox alikuna kichwa. Kisha akanyoosha mkono. "Leta hiyo tochi kabla hujairudisha. Ingia ndani. Mimi nitakuwa jua."

Léonard aliingia, milango ikafungwa. Mvua ilipiga bati juu ya kichwa chake, sauti moja ndefu isiyo na mwanzo, na giza la siku ile lilikuwa zito kuliko yote aliyopata kuyajua. Alisimama. Hakuona kitu. Aliwaza kuhusu Bukavu, ambako mvua kama hiyo ilimlazimu mama kusogeza sufuria huku na huku chini ya mabati, na hakukuwa na vijiduara vyovyote siku hizo, maji tu.

Ndipo kushoto kwake ikawaka nyota.

Iliwaka ghafla, nyeupe kabisa, ikarefuka kuwa mshale, mshale ukageuka polepole kama mtu anayegeuza shingo, ukafifia. Giza tena. Kisha mbele kidogo ikawaka nyingine. Katika miaka yake yote ndani ya makontena, nyota zake zilikuwa zimekaa mahali pamoja. Hizi zilitembea. Lennox alikuwa akizunguka huko nje kwenye mvua, hatua kwa hatua, akipitisha tochi kwenye kila kiungo cha chuma, na safari yake yote ilionekana ndani kama mtu anayekuja kutoka mbali, anayepita mto, anayekaribia. Léonard alisahau chaki mkononi. Alijikuta akigeuka pamoja na ile nyota, kwa mkono ulionyooshwa, kama anayecheza na mtu.

Lennox alipofungua, maji yakimchuruzika puani, alimkuta akitabasamu peke yake.

"Vipi?"

"Ingia wewe," alisema Léonard. "Nipe koti la mvua."

"Mzee, mimi kazi yangu ni kuziba."

"Ingia, kaka. Mara moja tu."

Alimfungia. Akazunguka kontena jekundu na ile tochi, viatu vikijaa maji, kifundo kikimuuma kidogo, akamulika pale alipojua kuna matundu na pale alipokuwa na shaka. Alizunguka mara mbili. Lennox hakugonga. Alipofungua milango alimkuta ameketi sakafuni, kofia ya kazi mapajani.

"Nimekuwa nikiziba hivi vitu miaka yote," Lennox alisema, "na sikujua huku ndani kunakaa hivi." Alifuta uso. "Baba yangu alikuwa na lori. Taa moja ilikuwa imekufa. Mama alikuwa anatuita dirishani tuone ile moja ikishuka mlimani. Ikipotea kwenye kona, sisi tunanyamaza. Ikitokea tena, tunapiga kelele. Hiyo kitu sijaikumbuka tangu nikiwa kijana."

Léonard aliketi karibu naye. Walisikiliza mvua mpaka Estella alipopiga kelele kuuliza kama kontena limekuwa tayari, ndipo wakainuka kuyaziba yale matundu.

Jioni ile Léonard alipita Umbilo.

"Unairudisha?" Gaël aliuliza.

"Ninailipa."

"Nikutilie ku sanduku yake?"

"Hapana." Aliitia mfukoni, akaagana naye, akatoka. Mvua ilikuwa imekatika na barabara iling'aa. Aliposimama kwenye robot, taa za barabarani, kungojea kuvuka, akiwa bado anayawaza yale maji na ule mshale mweupe uliogeuka, alihisi joto pajani, joto tamu mwanzoni. Mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa kando yake na mifuko ya sokoni alisema jambo refu ambalo Léonard alishika ndani yake maneno mawili tu, "Eish, baba!", na kidole chake kilionyesha chini.

Suruali ya kazi ilikuwa inawaka kwa ndani, nyekundu kama kaa, kila uzi wake ukionekana. Alirukaruka kwa mguu mmoja akiitafuta tochi, akaitoa, akaizima, akapuliza vidole. Yule mama alicheka mpaka akaweka mifuko chini. Léonard naye akacheka. Taa ikawaka kijani, na wote wawili wakakosa kuvuka.